Hivi simu janja ndogo ya bei nafuu bado ipo, au ndo tumeshaamuliwa wote tubebe sahani?

fundi_wa_ngazi (Tabata)

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri kwa anayejua haya mambo maana mimi kichwa kimechoka na miguu imechoka, jana nimeizunguka Kariakoo kuanzia saa nne mpaka adhuhuri na nimerudi mikono mitupu.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Kazi yangu ni ngazi, bisibisi, tesita na jasho. Jumamosi niko juu ya ngazi nimeingiza kichwa kwenye dari la mteja, simu iko mfuko wa nyuma wa suruali, ni zile za inchi sita na nusu kwahiyo nusu iko mfukoni nusu inachungulia nje. Nikainama kidogo kuvuta waya, nikaisikia inachomoka, nikabaki naiangalia tu inavyoshuka. Sakafu ya tailizi. Mwaka huu ni mara ya tatu na kioo fundi anataka 65,000 wakati simu yenyewe niliinunua 240,000, yaani nikipiga hesabu vioo vitatu vimekaribia kununua simu nyingine.

Nikasema basi, nitafute simu ndogo. Sitaki makuu. Nataka ikae mfukoni yote, niishike kwa mkono mmoja na kidole gumba kifike juu upande wa pili, maana mkono mwingine umeshika ngazi. WhatsApp iwepo, kamera ya kueleweka nimpigie mteja picha ya mita ya LUKU au swichi iliyoungua, chaji inifikishe jioni. Hela yangu ni laki mbili na nusu, nikijibana sana laki tatu.

Sasa kila duka nikisema "nataka simu ndogo" natolewa kitochi. Nikisema hapana kaka nataka ya kupangusa, natolewa sahani. Hakuna katikati! Winga (dalali) mmoja alinishika mkono kutoka Msimbazi mpaka ndani ya Aggrey huko ananiambia "bosi ninayo ndogo kabisa hiyo", kufika ni inchi 6.6. Namwambia hii mbona kubwa, ananiambia "hii ndo ndogo ya siku hizi".

Swali langu ni mawili. Moja, ipo? Mbili, kwanini haipo? Maana kila ninayeongea naye anasema na yeye anataka ndogo. Sasa kama wote tunaitaka nani anazizuia?

---

kaunta_ya_aggrey

Mkuu pole na kioo. Mimi nauza simu huko huko ulikokuwa unazunguka, nikujibu swali la pili kwa sababu hilo ndo linaniuma mfukoni.

Wanaozizuia ni nyinyi wateja. Usikasirike, subiri.

Kila wiki lazima aje mtu kama wewe, anasema simu zimekuwa kubwa mno, anataka ndogo. Miaka kama mitano iliyopita nikaingia kichwa kichwa nikachukua boksi la simu za inchi tano, janja kabisa, mpya. Nikaziweka mbele ya kabati. Mteja anakuja, "unayo ndogo?" Ninayo. Anaishika, anacheka, anaiweka sikioni, anaiingiza mfukoni, "hii ndo yenyewe". Halafu anauliza bei. Namwambia laki na arobaini. Macho yanahamia kwa jirani yake hapo hapo kwenye kioo, sahani ya inchi 6.5, betri 5000, laki na sitini na tano. Kimya. Anaziweka zote mbili kwenye kiganja, kushoto na kulia, anazipima kama mtu anayenunua nyanya. Halafu anasema maneno ambayo nimeyasikia mpaka nimeyakariri: "sasa kwa tofauti ya ishirini na tano si bora nichukue hii?" Anaondoka na sahani. Zile za inchi tano nimezimaliza kwa hasara, mbili za mwisho niliwapa wadogo zangu wa kijijini.

Watu hawadanganyi wakisema wanataka ndogo. Wanaitaka kweli, mpaka iwekwe pembeni ya kubwa.

---

mama_wawili_kimara

@kaunta_ya_aggrey umeongea ukweli mtupu, mimi ni huyo mteja wako hahaha.

Ila ngoja nijitetee. Simu yangu ndo tv ya nyumbani. Sina kompyuta, sina tableti, tv iliharibika na hatujaitengeneza. Mtoto wa darasa la sita anasoma humo pidiefu za mitihani ya nyuma, ukimpa simu ya inchi tano yale maandishi ni mchwa. Mdogo anaangalia katuni, mimi usiku naangalia tamthilia, mume wangu mpira, tunaiegemeza kwenye kopo la sukari mezani tunakaa wanne. Sasa niambieni nikinunua kadogo ka kukaa mfukoni nani anakaangalia? Nyinyi mnaozungumzia mkono mmoja mna skrini nyingine nyumbani. Mwenye skrini moja maisha yake yote anataka iwe kubwa.

Na suruali zetu wanawake hazina mifuko kwahiyo hiyo hoja ya mfuko hainihusu, inakaa kwenye pochi.

---

fundi_wa_ngazi

@mama_wawili_kimara hapo umenigusa dada, na kwangu ni hivyo hivyo, jioni nikifika simu si yangu tena. Lakini mchana ni ya kazi.

---

chuma_cha_solda

Fundi simu hapa, miaka 11 mezani. Naona muuzaji kajibu upande wake, mimi ninazifungua kwahiyo nijibu wa ndani.

Kuna kitu watu hawakijui: kwenye simu za bei ya chini UKUBWA NDO UNARAHISISHA BEI. Simu ikiwa kubwa ndani kuna uwanja. Bodi fupi juu, betri ya 5000 unailaza katikati kama godoro, bodi ndogo ya chaji chini, umemaliza. Kamera ikiwa nene haina shida, nafasi ipo. Simu ndogo ni kupanga nyumba ya chumba kimoja, kila kitu lazima kibanwe, bodi inapangwa ghorofa, betri inakatwa. Fungua iPhone 12 mini uone, betri yake ni 2227 tu na bado kupachika kila kitu mle ni kazi ya sonara. Ndo maana ilitoka 2020 kwa dola 699 huko Marekani, ndogo na ghali.

Halafu vioo. Hizi HD za inchi sita na nusu na kuendelea viwanda vya China vinazitoa kama chapati, kioo kimoja mimi hapa nakipachika kwenye simu za aina tatu nne tofauti na kinakaa vizuri tu. Kampuni ikitaka kioo cha inchi 5.4 lazima iagize cha kwake peke yake, na kiwanda kitataka mzigo mkubwa ndo kiwashe mashine. Nani atakubali kwa simu ambayo @kaunta_ya_aggrey kashindwa kuimaliza boksi moja?

Angalieni Samsung wa chini kabisa walivyopanda. A2 Core 2019 ilikuwa inchi 5.0. Mwaka uliofuata A01 Core, 5.3. Mwishoni mwa 2021 ikaja A03 Core, 6.5 na betri 5000 na uzito gramu 211. Hiyo ni simu ya mtu wa chini, siyo ya bosi. Ndani ya miaka miwili na kitu simu ya maskini imeongezeka inchi moja na nusu na hakuna aliyeandamana, kwa sababu chaji ilianza kufika siku mbili. Mtu anayechaji dukani kwa jirani kwa kulipia anajua maana yake.

---

wa_kule_umoja (Nairobi)

Niaje watu wa Bongo, nimepita tu lakini hii mada imenirudisha mbali sana.

Kuna wakati ndogo na bei rahisi zilikuwa kitu kimoja. 2011 Safaricom walileta Huawei Ideos hapa kwetu, ilikuwa kama elfu nane za Kenya, na skrini yake ilikuwa inchi 2.8. Mbili nukta nane!! Nilikuwa nimeanza kampasi na nusu ya darasa ilikuwa nayo, hiyo ndiyo smatifoni ya kwanza ya watu wengi niliosoma nao. Ilikuwa inaingia mfuko wa shati na kalamu juu yake. Betri 1200 kwahiyo kila mtu alikuwa anatembea na chaja, na ukiweka apu mbili tatu inakwambia nafasi imejaa, unafuta moja ndiyo uweke nyingine. Lakini jameni ilikuwa nzuri mkononi.

Sasa angalia leo. Hizi za kulipa mdogo mdogo kila siku, na hizi zinazoundwa hapa Athi River tangu 2023, zote zimekuwa mabango. Ukitaka ndogo unarudi kwa kabambe, yaani kitochi chenu.

Wakati huo huo wa Ideos, kwenye 2010, Steve Jobs, bosi wa Apple, alikuwa anawaambia waandishi kwamba simu kubwa isiyoshikika mkononi hakuna atakayeinunua. Mwaka uliofuata Samsung wakatoa Galaxy Note ya inchi 5.3 dunia ikacheka, watu wakasema hiyo ni kibao cha chapati. Leo muuzaji akikuonyesha inchi 5.3 unamuuliza hii ni ya mtoto?

---

Dkt_Bando

Mnazunguka sana. Kanunue iPhone mini mkuu uachane na kelele. Mambo mazuri yanataka hela.

---

chuma_cha_solda

@Dkt_Bando soma swali basi, mtu kasema laki mbili na nusu. 12 mini ya mtumba safi bado inazidi hiyo hela.

Na hata hao Apple wameshindwa. Walitoa 12 mini, wakatoa 13 mini 2021, Septemba 2023 wakaiondoa na hawajatoa nyingine. Ile SE iliyokuwa ndogo na nafuu nayo wameiua Februari 2025, wakaleta 16e ya inchi 6.1 kwa dola 599. SE ya kwanza ya 2016 ilikuwa dola 399 na inchi nne. Ukiiangalia hiyo safari tu utaelewa simu ndogo zimeenda wapi. Asus nao walikuwa na Zenfone 8, 9 na 10 chini ya inchi sita, ya 11 ikaja sahani. Sony Compact ya mwisho ilikuwa 2018.

Hata yule jamaa aliyeanzisha saa janja za Pebble, Eric Migicovsky, 2022 alifungua ukurasa anaomba wanaotaka Android ndogo wajiandikishe ili awaonyeshe makampuni kwamba wateja wapo. Walijiandikisha maelfu. Simu dukani umeiona? Na walichokuwa wanaomba siyo simu rahisi, ilikuwa ya bei ya juu.

---

binti_wa_pangani

Jamani mnasahau kundi moja, mama zetu.

Mama yangu ana kitochi, anakifunga kwenye pindo la kanga anachomeka kiunoni, anaenda nacho shamba, anaenda nacho sokoni, kinanyeshewa, kinaanguka kwenye unga, kinalia tu. Tukachanga watoto tukamnunulia sahani ili awe anaona wajukuu kwa video. Akajaribu kuifunga kwenye pindo la kanga, ikawa inaning'inia kama kobe, akitembea inamgonga paja. Siku ya tatu akaiweka kabatini ndani ya mfuko wa rambo, juu yake kaweka shuka. Ukimpigia video lazima kwanza umpigie kwenye kitochi umwambie "mama toa simu kabatini".

Yeye siyo kwamba hataki simu janja. Anataka kuona wajukuu, anajua hata kutuma sauti WhatsApp. Anachotaka ni inayofungika kwenye kanga. Mngemletea ya ukubwa wa kitochi yenye kioo kizima angelipa hata zaidi, na hapo tunazungumzia wamama wangapi nchi nzima? Ila hawaendi Kariakoo, hela inatolewa na sisi watoto na sisi tunanunua tunayoiona sisi ni nzuri. Kwahiyo @kaunta_ya_aggrey usiseme mteja hataki, mteja hata hajafika kaunta kwako.

---

kaunta_ya_aggrey

@binti_wa_pangani hapo umenishinda. Sijawahi kufikiria hivyo kwa kweli, mimi namuona anayelipa tu.

---

mzee_wa_laini_mbili

Kwa huyo mama si kulikuwa na zile vitochi zenye mfumo wa KaiOS? Zina WhatsApp zina vitufe, zilikuja hapa Bongo zikavuma kidogo.

---

chuma_cha_solda

Zilikuja ndiyo, na zilikuwa wazo zuri. Tatizo WhatsApp wenyewe wameacha kuihudumia KaiOS, waliozinunua kwa ajili hiyo wamebaki na kitochi cha bei mbaya. Msinunue sasa hivi kwa ajili ya WhatsApp. Na hili liwe somo hata kwa za mtumba, simu inaweza kuwa nzima kabisa mkononi ikafia kwenye apudeti. iPhone 5s na 6 zilikatwa WhatsApp Mei 2025, na Android yoyote iliyo chini ya 5 ilishaondoka 2023. Mtu anakuuzia iPhone 5s elfu hamsini unaona ndogo nzuri, kumbe hata kupokea picha ya mteja huwezi.

---

mlipa_kodi_mpole

Kwenye bei msisahau na kodi. 2021 serikali iliondoa VAT kwenye simu janja, tukashangilia, 2022 ikairudisha na maelezo yakawa kwamba mlaji hakuuona unafuu wenyewe. Asilimia 18 kwenye simu ya laki mbili siyo mchezo. Sasa sijui ule mwaka mmoja unafuu ulikaa mfuko wa nani, @kaunta_ya_aggrey unaweza kutusaidia hapo? 😂

---

kaunta_ya_aggrey

Msinitafute. Mimi nachukua kwa wa jumla na bei yake ndo bei yangu.

---

abu_salha (Dubai)

Salaam. Mimi niko Deira huku kwenye maduka ya jumla, natumia watu mizigo ya simu zilizotumika. Simu ndogo zipo, zinakuja na mchanganyiko wa mizigo kutoka nje, lakini wanunuzi wa kwetu wakifungua boksi wanazitoa pembeni, "hizi haziendi". Wanachagua zenye jina na kioo kikubwa. Ndogo zinabaki, wakati mwingine tunaziuza kwa mafungu. Kwahiyo ukizikuta Kariakoo zitakuwa chache na bei yake itakuwa ya ajabu, mara rahisi sana mara ghali sana, kwa sababu hakuna bei ya soko. Hapo ndo mahali pa kubembeleza bei.

---

chuma_cha_solda

Haya sasa nimjibu mwenye mada swali la kwanza maana tumemuacha.

Mkuu kwanza ACHA KUANGALIA INCHI. Inchi wanapima kona kwa kona, na simu za sasa zimekuwa ndefu nyembamba, kwahiyo inchi zinakudanganya. Wewe tatizo lako ni kidole gumba na mfuko, maana yake angalia UPANA na UREFU wa simu yenyewe kwa milimita. Ile iPhone 6 Plus ya 2014 ilikuwa inchi 5.5 tu lakini upana karibu milimita 78, pana kuliko sahani nyingi za leo. Kwa mkono wa kawaida milimita 70 kushuka chini ndo kidole kinavuka.

Fanya hivi, nawaambiaga wateja wangu wananicheka: chukua kadibodi la boksi, kata milimita 70 kwa 142, tembea nalo mfukoni siku mbili unapanda nalo ngazi. Likikaa vizuri ndo ununue simu. Ni bure.

Kwa hela yako, simu mpya sahau. Mtumba zipo tatu ninazoziamini:

Samsung S10e ya 2019. Upana 69.9, urefu 142, gramu 150, kioo cha inchi 5.8 kilichonyooka hakijapinda pembeni, kidole cha kuifungulia unaweka ubavuni. Kamera bado inawatoa jasho hizi za laki tatu mpya. Betri 3100 na imeshazeeka kwahiyo hesabu na hela ya betri mpya. Apudeti ziliishia Android 12, kwa WhatsApp unakaa nayo muda mrefu tu. Ubaya kioo ni AMOLED, aina ya ghali, kikivunjika bei yake utalia, na usiniletee mimi.

Pixel 4a ya 2020, nyepesi, plastiki, kamera tamu. Spea zake kwetu ni mtihani na betri zake nyingi zimechoka. Ukiipata safi chukua.

iPhone SE ya 2020, kioo 4.7, upana 67. Hiyo apudeti zake zimefika mpaka iOS 26. Betri 1821, kwahiyo na power bank utabeba, sasa sijui ngazini utabeba wapi.

Ukifika dukani bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwa meseji kwenda 15090 uone inasoma simu gani. Isipolingana na iliyoko mkononi rudisha. Tangu zile simu feki zizimwe nchini Juni 2016 watu bado wanalizwa. Na usilipie simu iliyozimwa au "haina chaji bosi". Washa, weka laini yako, piga, nenda kwenye akaunti uhakikishe haina ya mtu mwingine. Simu iliyofungwa akaunti ni kigae.

---

Dkt_Bando

Kadibodi mfukoni 😂😂😂 fundi umetisha

---

mama_wawili_kimara

Na kuna vile vidude vya inchi tatu vya Unihertz, Jelly sijui, shemeji yangu alikuja navyo kutoka Ulaya. Android kamili, ukubwa wa kiberiti. Tuliipitisha mkono kwa mkono msiba mzima. Kuandika ujumbe ni vita, unataka "sawa" inaandika "dada".

---

binti_wa_pangani

@mama_wawili_kimara hiyo inafungika kwenye kanga??

---

mama_wawili_kimara

Inafungika na chenji juu yake. Lakini bei siyo ya kanga, alisema zaidi ya dola mia mbili.

---

fundi_wa_ngazi

Wakuu nimerudi, siku tisa baadae. Nimefanya kama nilivyoambiwa.

Nilikata kadibodi la boksi la taa. Siku ya kwanza fundi mwenzangu ananiuliza hicho ni nini nikamwambia simu, akaniangalia akanyamaza. Nimepanda nalo ngazi nyumba tatu, nimechuchumaa, nimepanda bodaboda. Halikuchomoka hata mara moja. Hapo nikajua siyo ubishi wangu, ni mfuko kweli.

Nikaenda Kariakoo nikamwambia winga nataka S10e tu, usinionyeshe kingine. Alizunguka kama saa nzima akaja na mbili. Moja ilikuwa imefungwa akaunti, alivyoona nakwenda kwenye mipangilio akaanza kusema ngoja nikuletee nyingine. Ya pili nzima, mkwaruzo mmoja kona, 15090 ikarudisha jina lilelile la simu. Alianza laki tatu na themanini. Nikamwambia kaka hii haiendi, naona ina vumbi la kabati, kuna mtu wa Deira kaniambia. Akacheka. Tukamalizana laki mbili na tisini, betri mpya nimeweka kwa elfu thelathini na tano, nimepita bajeti lakini sijutii.

Leo nilikuwa darini, mteja yuko chini anauliza waya upi umeungua, nimeitoa kwa mkono mmoja, nimepiga picha, nimemtumia, nimeirudisha mfukoni, na mkono wa kushoto haujaachia ngazi. Nilikaa pale juu kidogo nikacheka peke yangu.

Sahani yenye ufa iko nyumbani, watoto wanaangalia katuni, imeegemezwa kwenye kopo kama kwa mama wawili. Nyumba nzima wanaisifia hii ndogo kwamba nzuri, nikawauliza nani abadilishane na mimi, hakuna aliyejibu.

Sasa nina swali jingine dogo. Kava lake nalipata wapi? Nimeuliza maduka sita, wote wananionyesha ya S10 ya kawaida, haikai.

---

kaunta_ya_aggrey

Kava la hiyo hutalipata kwenye kabati la mtu yeyote mkuu, simu isiyoenda na kava lake haliendi. Ila njoo na simu yenyewe mkononi, chini ya meza nina boksi la makava ya zamani sijalifungua tangu kipindi cha zile inchi tano. Tutachambua.